Namna kijiji kinavyopata fedha za serikali kwa mradi wake: kuanzia kitongojini hadi fedha kuingia

Boma la madarasa limefika lenta, mabati hayapo, na kila mwaka kijiji kinaandika barua ya kuomba msaada. Vijiji vya namna hii ni vingi Tanzania Bara, na nimekaa na viongozi wake kwa miaka. Ninachowaambia ni hiki: fedha ya serikali haifuati barua. Hufuata mradi ulioandikwa kwenye mpango wa kijiji, ukapitishwa na mkutano mkuu, ukafika halmashauri kabla bajeti haijafungwa. Kijiji kilichopita njia hiyo kina haki ya kuuliza fedha yake iko wapi. Chenye barua peke yake hakina pa kushika.

Nawaandikia wenyeviti, watendaji, wajumbe wa halmashauri za vijiji na kamati za shule na zahanati. Walio mjini hupita njia hiyohiyo kupitia mtaa, ila mtaa hauna hadhi ya kisheria ya kumiliki mali na kuingia mikataba kama halmashauri ya kijiji, kwa hiyo masuala ya umiliki yatamalizwa na mji au manispaa.

Hatua ya 1: Jueni mlango wa kubisha

Muda mwingi hupotea hapa. Barabara na madaraja ya vijijini yako chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Maji yako chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, iliyoundwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, na kijijini inafanya kazi na vyombo vya jamii vya kutoa huduma ya maji. Umeme vijijini ni wa REA, wakala wa nishati vijijini. Madarasa, nyumba za walimu, zahanati na majosho hupitia halmashauri ya wilaya. Hata pale ambapo mradi si wa halmashauri, uandikeni kwenye mpango wa kijiji, kisha nakala ya muhtasari ipelekwe kwenye ofisi ya taasisi husika inayohudumia wilaya yenu.

Fedha zenyewe zina vyanzo kadhaa: ruzuku ya maendeleo kutoka serikali kuu, sehemu ya mapato ya ndani ya halmashauri, Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, na TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) kwa maeneo na miradi inayoangukia kwenye mpango wake. Msichanganye vyanzo hivi na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake (4), vijana (4) na watu wenye ulemavu (2). Ile ni mikopo ya vikundi isiyo na riba, na hurejeshwa. Haijengi zahanati.

Hatua ya 2: Fuateni kalenda ya bajeti

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili hadi Juni, lakini madiwani huwa wameshapitisha ya halmashauri mwanzoni mwa mwaka, na wataalamu huanza kuiandaa miezi michache kabla ya hapo. Kwa hiyo mradi mnaotaka ujengwe baada ya Julai uwe umetoka kijijini kufikia Novemba ya mwaka uliotangulia. Mimi hushauri vikao vya vitongoji vianze Agosti au Septemba, hasa sehemu ambazo mvua za vuli zikianza kila mtu yuko shambani.

Hatua ya 3: Anzeni kitongojini, na mje na hesabu

Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo unawataka wananchi waanze na walichonacho: ardhi, mawe, mchanga, mafundi, vikundi. Ndipo waangalie kinachowakwamisha. Watendaji wengi huruka sehemu ya fursa na kuandika orodha ya shida tupu. Msiiruke, maana hiyo ndiyo sehemu inayoonyesha kijiji kitachangia nini.

Kila shida ipimwe kwa kigezo cha serikali yenyewe. Darasa moja la msingi ni la wanafunzi 45. Chukueni mfano wa shule yenye wanafunzi 630 na vyumba 9: kila chumba kina wanafunzi 70, mahitaji ni vyumba 14, upungufu ni 5. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka kituo kimoja cha kuchotea maji kihudumie watu 250, na mwananchi asitembee zaidi ya mita 400. Kwa kipimo hicho, kijiji cha watu 2,000 kinahitaji vituo visivyopungua 8. Mkiandika "tuna shida kubwa ya madarasa", afisa mipango hana cha kuingiza kwenye jedwali lake. Mkiandika upungufu wa vyumba 5 kati ya 14, ana namba ya kuitetea mbele ya wakuu wake.

Kisha chagueni. Vipaumbele viwili au vitatu vinatosha. Orodha ya miradi kumi na tano inampa mtu wa wilayani kazi ya kuwachagulia, naye atachagua anachokijua yeye.

Hatua ya 4: Mkutano mkuu na muhtasari wake

Halmashauri ya kijiji hujadili mapendekezo ya vitongoji kwa kuanza na Kamati ya Fedha na Mipango, kisha huyapeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Huu ni mkutano wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na ndio wenye kauli ya mwisho kijijini. Tangazeni mapema, mbao za matangazo, msikitini, kanisani, gulioni. Chagueni saa ambayo akina mama wanaweza kufika. Mradi wa maji uliopitishwa na wanaume watupu huwa na kisima mahali ambapo wachotaji wenyewe wasingepachagua.

Muhtasari ndio hati yenu muhimu kuliko zote, na ndio nauona ukiandikwa kwa haraka kuliko zote. Uwe na tarehe, mahali, akidi, na orodha ya mahudhurio yenye majina na saini. Uwe na maneno ya uamuzi yaliyonyooka: "Mkutano umeazimia ujenzi wa vyumba viwili vya madarasa katika shule ya msingi ya kijiji uwe kipaumbele cha kwanza kwa mwaka ujao wa fedha." Utaje eneo la mradi na kwamba ni mali ya kijiji au shule. Kama eneo lilitolewa na familia, makubaliano yao yaandikwe na kusainiwa mbele ya halmashauri ya kijiji kabla jiwe la kwanza halijawekwa, wenye ardhi wote wakiwepo, mke na watoto wakubwa pia. Mgogoro wa ardhi husimamisha mradi hata fedha ikiwa tayari benki. Mwisho utaje mchango wa wananchi. Mwenyekiti na mtendaji wasaini, mhuri ugongwe.

Hatua ya 5: Nguvu za wananchi na mchanganuo wa gharama

Serikali kwa muda mrefu imekuwa ikimalizia maboma yaliyoanzishwa na wananchi, kwa hiyo nguvu zenu zina uzito. Lakini zinahesabika zikiandikwa. Fungueni rejista: tripu za mchanga na mawe, matofali, siku za watu waliochimba msingi, maji yaliyobebwa. Mwombeni mhandisi wa halmashauri azithaminishe kwa bei ya soko la kwenu. Michango ya fedha itolewe stakabadhi, na ikusanywe na serikali ya kijiji, si walimu. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi hajachanga.

Msianze boma bila ramani. Halmashauri ina ramani za kawaida za madarasa, zahanati na vyoo, nanyi mkizifuata mhandisi hana sababu ya kulikataa jengo baadaye. Boma lenye msingi dhaifu au vyumba vya vipimo vya kubuni linaweza kuambiwa libomolewe, na jasho la watu linapotea namna hiyo bila mtu kuiba senti. Muiteni mhandisi aone msingi kabla haujafukiwa.

Mchanganuo wa gharama uandaliwe naye pia: vifaa, bei, ufundi, usafiri. Ukiwa juu kupita kiasi mradi utaachwa. Ukiwa chini, fedha itaisha kabla ya kupaua, na kosa hili ndilo baya zaidi.

Hatua ya 6: Kata, kisha halmashauri

Mpango huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, mwenyekiti wake akiwa diwani. Vijiji vyote vya kata vinashindania nafasi, kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji aende na namba zake mkononi. Hakikisheni mradi umeandikwa kwenye muhtasari wa kata kwa jina lilelile mlilotumia kijijini. Jina likibadilika njiani, kuufuatilia kunakuwa kugumu. Baada ya hapo ni wataalamu wa wilaya, Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, na Baraza la Madiwani. Baraza likishapitisha, mwombeni diwani awasomee kwenye mkutano mkuu unaofuata kilichoingia na kilichoachwa.

Hatua ya 7: Mfuko wa Jimbo

Mfuko huu upo kwa Sheria Na. 16 ya 2009, na kamati yake huongozwa na mbunge. Mgawo kwa jimbo si mkubwa, kwa hiyo uombeni kwa umaliziaji: mabati, saruji, milango, madawati. Maombi yaambatane na mihtasari ya kijiji na kata, mchanganuo, na picha za boma lilivyo sasa.

Hatua ya 8: Fedha ikiingia

Fedha za shule na zahanati kwa kawaida huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Ujenzi hufanywa na mafundi wa kwenu chini ya usimamizi wa kamati tatu: ujenzi, manunuzi na mapokezi. Mtu mmoja asikae kwenye kamati mbili. Manunuzi hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, hivyo mtafuteni mapema afisa anayeujua. Bandikeni kwenye ubao wa matangazo kiasi kilichoingia, kilichotumika na kilichobaki, kila mwezi.

Angalieni tarehe 30 Juni. Fedha isiyotumika mwaka ukifungwa inaweza kurudi Hazina, na kuirudisha kijijini ni safari nyingine.

Mihtasari, rejista ya nguvu za wananchi, mchanganuo, stakabadhi na picha viwekwe kwenye jalada moja katika ofisi ya kijiji, na nakala nyingine ibaki kwa mwalimu mkuu au mganga mfawidhi. Watendaji huhamishwa, wenyeviti hubadilika kila uchaguzi, na mradi wa vyumba vitano mara nyingi huvuka miaka mitatu ya bajeti.