Somo: Maji ya kunywa ya akiba kwa kaya ya Arusha, kabla dharura haijafika

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilishuka Katesh. Aprili 2024 mvua zikafurika hapa hapa Arusha. Kote huko maji yalijaa kila mahali, lakini ya kunywa ndiyo yanayokosekana kwanza kwenye mafuriko. Bomba linapasuka, umeme unakatika na pampu inasimama, vyoo vya shimo vinafurika na kumwagikia visimani. Watoto wanaanza kuharisha hata kabla barabara haijafunguliwa.

Maelekezo mengi ya kuweka akiba ya maji yanawafaa watu ambao maji yao yana shida moja tu, vijidudu. Sisi tunaokaa chini ya Mlima Meru tuna shida mbili. Ya pili ni madini ya floraidi yanayotoka kwenye miamba na majivu ya volkano, ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita, na kuna chemchemi na visima kuzunguka Meru vinavyovuka ukomo huo mara kadhaa. Maji yenyewe ni meupe, hayana harufu wala ladha ya kukustua.

Naomba hili lieleweke kabla hatujaanza hatua: dawa ya vijidudu haigusi floraidi. Kuchemsha hakuiondoi, klorini haiiondoi, na jua haliiondoi. Kuchemsha sana hata kunaizidisha nguvu. Chukua lita 10 zenye miligramu 4 kwa lita, zichemshe mpaka zibaki lita 8. Mvuke umeondoka, floraidi imebaki yote, sasa una miligramu 5 kwa kila lita. Mama anayechemsha maji ya mtoto nusu saa nzima kwa upendo anapoteza mkaa na anamwongezea mtoto kile anachotaka kumkinga nacho.

Hatua ya 1: Yajue maji yako

Usikadirie kwa macho wala kwa kumsikiliza jirani. Visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana sana. Waulize mamlaka ya maji ya jiji, au RUWASA kwa walio vijijini, chanzo chenu kina floraidi kiasi gani, na kama una kisima chako peleka sampuli maabara ya maji. Andika jibu ukutani karibu na tanki, ili hata mgeni au mtoto mkubwa ajue maji yapi ni ya kunywa na yapi ni ya kufulia.

Hatua ya 2: Piga hesabu

Mtu mmoja anahitaji kama lita 4 kwa siku za kunywa, kupikia chakula chepesi na kusukutua. Familia ya watu watano ni lita 20, yaani dumu moja kwa siku. Madumu matatu ndiyo kiwango cha chini kabisa. Lenga 14, wiki mbili. Mwenye mama mjamzito, anayenyonyesha au mgonjwa nyumbani aongeze. Maji ya choo na kuoga yana hesabu yake na yanaweza kuwa ya chanzo chochote, usiyachanganye na haya.

Hatua ya 3: Vyombo

Dumu lililokuwa na mafuta ya kula linafaa likisafishwa vizuri. Lililokuwa na dawa ya shamba, mafuta ya taa au rangi halifai kamwe, hata uliloweke mwezi. Osha kwa maji na sabuni, suuza, kisha changanya kijiko kimoja cha chai cha dawa ya kufulia yenye klorini isiyo na manukato kwenye lita moja ya maji, tikisa ifike kila kona mpaka kwenye mfuniko, iache dakika moja, mwaga, suuza tena kwa maji salama. Mdomo wa dumu uwe mwembamba. Ndoo pana inaita mikono na vikombe, na maji yaliyotibiwa vizuri huchafuliwa zaidi na kikombe cha mtoto kuliko na kitu kingine. Kama una ndoo tu, weka koki chini na mfuniko juu.

Hatua ya 4: Kinga mvua

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwa Arusha hii ndiyo hatua yenyewe.

Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa, kwa kuwa hayajapita kwenye miamba ya mlima. Na tunayapata mara mbili kwa mwaka, masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli mwishoni mwa mwaka. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 8 kwa 5 ni mita za mraba 40. Mvua ya milimita 10, ambayo masika ni mvua ya jioni moja tu, inaleta lita 400. Toa yanayorukia nje na kupotea kwenye gata, zinabaki kama 320. Hayo ni madumu 16. Mvua moja nzuri imeshakupa wiki mbili za familia ya watu watano, na bado umebakiza madumu mawili.

Usikinge mwanzo wa mvua. Bati letu kipindi cha kiangazi linabeba vumbi, kinyesi cha ndege na majani. Acha dakika 10 hadi 15 za mwanzo zioshe bati na kumwagika, na mvua ya kwanza kabisa baada ya kiangazi iache yote iende. Mwenye uwezo aweke bomba la kusimama lenye mfuniko chini, linajaa maji machafu ya mwanzo, kisha masafi yanapita juu kwenda kwenye tanki. Mdomo wa tanki ufunikwe kwa wavu wa mbu. Tanki liwe jeusi au likae kivulini, la sivyo ukijani unaota.

Kama huna tanki, kinga kwa ndoo na beseni safi, jaza madumu usiku huo huo. Maji haya yawekwe kwa kunywa na kupikia tu. Nasikitika kila masika nikiona maji ya mvua yakifuliwa nguo halafu mtoto anaandaliwa uji kwa maji ya kisima.

Hatua ya 5: Ua vijidudu

Maji ya mvua nayo yanatibiwa, ndege hawana adabu juu ya bati.

Yakiwa na tope, yaache yatulie, kisha chuja kwa kanga ya pamba iliyokunjwa mara nne. Baada ya hapo chagua njia moja.

Kuchemsha: yakianza kutokota kwa nguvu hesabu dakika moja, zima. Walio juu zaidi ya mita 2,000 kwenye miteremko wahesabu dakika tatu. Inatosha.

Klorini ya maji: soma kibandiko. Dawa ya kufulia yenye klorini asilimia 3.5, isiyo na manukato wala sabuni, ni matone 3 kwa lita, au mililita 3 kwa dumu la lita 20. Pima kwa bomba la sindano jipya lisilo na sindano, la duka la dawa. Maji yakiwa bado na ukungu, zidisha mara mbili. Koroga, subiri nusu saa. Juni na Julai maji yetu ni baridi sana, subiri saa nzima. Yanapaswa kunukia klorini kwa mbali. Yasiponukia, rudia kipimo kile kile na usubiri dakika 15 nyingine.

Vidonge vya kutibu maji ni rahisi kuliko vyote, na ndivyo ningependa kila nyumba iwe navyo, hata kama una kila kitu kingine. Fuata kipimo cha paketi.

Jua: chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, ilazwe juu ya bati saa 6 za jua kali. Siku za mawingu ni siku mbili mfululizo.

Hatua ya 6: Tunza

Weka juu ya mbao, si sakafuni, gizani, mbali na mafuta ya taa na petroli kwa sababu plastiki inapitisha harufu na mvuke. Andika tarehe kwa kalamu isiyofutika. Badilisha kila miezi sita. Njia nyepesi ni kuyanywa ya zamani na kujaza mapya kila masika na vuli.

Dharura ikifika na maji salama yameisha

Vijidudu kwanza. Kipindupindu kinaweza kumuua mtu mzima ndani ya saa chache. Floraidi inafanya kazi kwa miaka. Mbele yako pakiwa na maji ya kisima yenye floraidi tu, yatibu na mnywe, msikae na kiu. Ya mvua yaliyobaki wapeni watoto wadogo na mama wajawazito. Ila maji yaliyoingiliwa na mafuta ya gari au dawa za mashamba yaacheni kabisa, hakuna njia ya nyumbani ya kuyasafisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Sakina: Dada asante kwa somo. Mimi nikichemsha, sufuria inabaki na ukoko mweupe chini. Nilikuwa najua ile ndiyo floraidi imetoka?

Hapana mama, ule ni chokaa, ugumu wa maji. Floraidi yako karibu yote bado iko kwenye maji uliyomimina. Ukoko huo hauna madhara, utoe kwa ndimu au siki.

Kijana wa Unga Limited: Mimi nimepanga chumba kimoja, sina bati langu wala nafasi. Nifanyeje?

Madumu matatu yanaenea chini ya kitanda, mdogo wangu, na kwa mtu mmoja hayo ni lita 60, siku 15. Ongea na mwenye nyumba pamoja na wapangaji wenzako mchangie gata la upande mmoja na tanki dogo, nyumba moja ya wapangaji ina bati kubwa kuliko mnavyofikiri. Kwa sasa nunua vidonge paketi moja na uhifadhi chupa sita za plastiki.

Mzee wa Ngaramtoni: Binti, sisi tumeyanywa maji haya tangu utoto, wazee wetu pia, na tunalima mpaka leo. Haya ya floraidi si ya kututisha?

Shikamoo mzee wangu. Sikutishi, na wewe kuwa na nguvu ni jambo la kumshukuru Mungu. Naomba utazame wajukuu. Meno yanatengenezwa ndani ya ufizi mpaka mtoto afike kama miaka 8, na ndiyo maana meno ya kahawia, yanayoletwa na floraidi, tunayaona kwao. Penye kiwango kikubwa zaidi, miguu ya watoto inapinda na migongo ya watu wazima inakakamaa. Ukimpa mjukuu maji ya mvua kwa miaka hiyo ya mwanzo umemsaidia maisha yake yote. Jambo jingine mzee: magadi tunayotia kwenye makande yana floraidi nyingi sana. Tulowekeni mahindi na maharage usiku kucha badala yake.

Mwanachama wa Njiro: Nimenunua chujio la udongo la mishumaa dukani. Si linamaliza kila kitu?

Linachuja tope na vijidudu vingi, floraidi inapita. Kinachoikamata ni vitu maalumu, mfano mkaa wa mifupa, ambao kituo cha Wizara ya Maji cha Ngurdoto kimeufanyia kazi miaka mingi. Dk. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela hapa Arusha naye alitengeneza chujio linalopangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, na mwaka 2015 lilimpatia tuzo ya uhandisi ya Afrika kutoka Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Muuzaji yeyote akikuambia chujio lake linaondoa floraidi, mwombe kipimo cha maabara cha maji kabla na baada, na uliza dawa yake ya ndani inachoka baada ya lita ngapi. Mkaa wa mifupa usichome mwenyewe uani: moto usipodhibitiwa maji yananuka mzoga au mkaa unakosa nguvu.

Mama mwenye kichanga, Usa River: Mwanangu ana miezi miwili. Nimuwekee akiba ipi?

Hongera mama. Mnyonyeshe maziwa yako tu mpaka miezi sita, maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno hata kama wewe unakunywa maji yenye floraidi. Akiba yake ni akiba yako: ongeza lita moja au mbili kwa siku kwenye hesabu yako. Akilazimika kutumia maziwa ya kopo kwa ushauri wa kliniki, koroga kwa maji ya mvua yaliyochemshwa.

Mwanachama wa Tengeru: Kidonge changu kimeandikwa lita 20, ndoo yangu ni ya lita 10. Nikikate?

Ni bora ujaze ndoo mbili. Kidonge kikikatwa hakigawanyiki sawa, na nusu inayobaki inaharibika kwa unyevu. Kiyeyushe kwenye kikombe cha maji, gawa kikombe nusu kwa nusu kwenye ndoo zote mbili, koroga, funika, subiri nusu saa.