Somo: kondomu imepasuka au umechomwa na sindano, una saa 72. Fanya hivi

Wakuu, kila wiki naletewa swali lile lile: "Kondomu ilipasuka juzi, nimepima niko hasi, je niko salama?" Nimejibu mpaka nimechoka, na kinachoniuma ni wale wanaouliza siku ya tano, mlango umeshafungwa. Naliweka hapa mara moja, na wewe mpe mwenzako.

Kwanza ujue hatari ni ipi. VVU hupita kwa damu, shahawa na ute unaozitangulia, majimaji ya ukeni na ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama. Ni lazima viguse utando laini au kidonda kibichi, au viingie kwenye damu, kwa mfano kwa sindano. Mate, jasho, machozi, mbu, choo, kikombe, kukumbatiana: haviambukizi.

Hatua ya 1. Osha kwa maji na sabuni. Jeraha usilikamue. Ndani ya uke au njia ya haja kubwa usiingize sabuni wala dawa yoyote, utachubua utando.

Hatua ya 2. Andika saa tukio lilipotokea.

Hatua ya 3. Nenda kituo cha afya ukaombe PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya kukutana na hatari. Ikiwa ni usiku au sikukuu, nenda kitengo cha dharura. Saa 72 ni ukomo tu, kila saa inayopita inakupunguzia nafasi. Aliyebakwa naye asisubiri kitu, awahi huduma kwanza.

Hatua ya 4. Utapimwa. Hapa someni taratibu, maana ndipo nilipoharibu.

Miaka kadhaa iliyopita kondomu ilinipasukia. Kesho yake asubuhi nilikuwa nimeshafika kwa mpimaji. Tone la damu kidoleni, matone mawili ya kimiminika, kisha dakika kumi na tano nimekikodolea macho kile kidirisha. Ukatokea mstari mmoja. Nikashusha pumzi, nikaaga. Sikuulizwa tukio lilikuwa lini, na mimi sikusema, nilitaka tu kuondoka na ule mstari wangu mmoja. Siku ya tano rafiki yangu muuguzi akaniuliza kwenye simu, "PEP ulianza lini?" Nikakosa la kusema. Nilikaa miezi mitatu naamka usiku kujipapasa tezi za shingo. Mwisho nilitoka hasi, lakini si kwa sababu nilifanya jambo la maana.

Kosa langu ni hili. Kipimo kile cha haraka hakitafuti kirusi, kinatafuta kingamwili, na mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza. Hicho ndicho kipindi cha dirisha, na kwa vipimo vya haraka kinaweza kufika siku 90. Kwa hiyo "hasi" ya kesho yake inakueleza habari za miezi iliyopita, ya jana haiijui. Wanakupima kwa sababu PEP ni ya mtu ambaye bado hana maambukizi. Ukiona hasi, USIONDOKE. Sema kwa mdomo wako: "Tukio lilikuwa jana saa fulani, naomba PEP." Na usisubiri mwenzako naye akapime ndipo uanze.

Hatua ya 5. Meza siku 28, saa ile ile. Kichefuchefu au kichwa kikikusumbua, rudi kwa daktari, usiache kimyakimya. Mtajie dawa zote unazotumia, hasa za kiungulia, madini ya chuma na kalisi, kwani zinaweza kuzuia baadhi ya dawa hizi zisifyonzwe vizuri. Kondomu kila mara.

Hatua ya 6. Rudi kupima tarehe utakazopangiwa. Kile cha miezi mitatu usikikose.

MASWALI

Chuma_Ulete: Sijasoma yote mkuu. Leo siku ya sita, PEP naipataje?

Jibu: Siku ya sita ni saa 144. Soma hatua ya 3. Nenda kituo leo hii ukapangiwe vipimo, na utumie kondomu. Ukipata homa, vipele au tezi kuvimba ndani ya mwezi huu, waeleze kwamba ulipata hatari. Kipo kipimo kinachosaka kirusi chenyewe.

Mzee wa Fasta: Rafiki yangu anatumia ARV, kanipa vidonge vitatu nimeshameza. Si yale yale tu?

Jibu: Si yale yale. Vitatu si 28, hujapimwa, na yeye umemkatia dozi yake. Kama saa 72 hazijaisha, nenda sasa hivi na uwaambie ulichomeza.

Binti Mdadisi: Dada samahani, kwa nini iwe saa 72 na siyo wiki?

Jibu: Swali zuri sana, mdogo wangu. Kirusi hakisambai mwilini papo hapo. Kinaanzia kwenye seli chache za pale kilipoingilia, kisha siku chache baadaye kinafika kwenye tezi na kusambaa. Kikishaingiza vinasaba vyake ndani ya seli, dawa haiwezi kuving'oa, ndiyo maana tunakiwahi kikiwa bado kichache. Majaribio kwa nyani yalionyesha kuwa kadiri dozi ya kwanza inavyochelewa, au siku za dawa zinavyopunguzwa, kinga inashuka.

Mama Nuru: Mume wangu ana VVU, anameza dawa vizuri na virusi havionekani kwenye kipimo. Kondomu ikipasuka nikimbilie PEP?

Jibu: Hapana mama. Wingi wa virusi ukishuka usionekane na ukabaki hivyo, hakuambukizi kwa kujamiiana. Mpe hongera. Yeye aendelee na dawa na kupima wingi wa virusi.

Kipepeo: Nyongeza, ukiwa kwenye PEP usijipime nyumbani ukaamini hasi. Dawa zinaweza kuficha majibu.

Jibu: Asante sana, hilo nililisahau.

Jembe Halisi: Mimi zinanipasukia kila mara, hii ya tatu. Natumia mafuta ya mgando kulainisha.

Jibu: Basi ni hayo mafuta, ndugu yangu. Mafuta hulegeza mpira wa kondomu, tumia kilainishi cha maji. Angalia tarehe, chana pakiti kwa vidole na siyo meno, bana ile chuchu hewa itoke, kisha uvishe. Usivae mbili kwa pamoja. Na kama umeshakimbilia PEP zaidi ya mara moja, waulize kuhusu PrEP, inayotumiwa kabla ya hatari.

Jembe Halisi: Hii ya tatu ilikuwa usiku wa kuamkia leo.

Jibu: Basi funga simu uende. Ukirudi tuambie.