Kuelimisha jamii kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu: anza na msaada, mkutano ufuate

Kosa kubwa katika kazi hii ni kuanza na mkutano. Bango linabandikwa, watu wanajaa, msemaji anawatisha kwa saa nzima. Wakati viti vinakusanywa, mama mmoja anamvuta kando na kumwambia kuwa binti yake alikwenda kufanya kazi za ndani ng'ambo, na huu ni mwezi wa pili simu yake haipatikani. Msemaji hana la kumjibu. Siku hiyo jamii inajifunza kwamba kusema hakusaidii kitu, na somo hilo halifutiki kirahisi.

Kwa hiyo anza na karatasi moja tupu. Orodhesha kitengo cha polisi kinachohusika na makosa haya, ofisi ya ustawi wa jamii, kituo cha afya, nyumba salama (makazi ya muda ya wahanga), wanaotoa msaada wa kisheria bure, na ubalozi kwa wale walioko nchi nyingine. Kisha piga kila namba wewe mwenyewe, mchana na tena usiku. Uliza mambo manne: mnampokea nani, saa ngapi, kwa gharama gani, na nini hufuata baada ya mtu kupiga simu? Swali la kwanza ndilo litakalokushangaza, kwa sababu nyumba salama nyingi hazipokei wanaume. Shirika la Kazi Duniani (ILO) na wenzake walikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi za kulazimishwa. Wanawake na wasichana walikuwa milioni 11.8. Waliobaki ni wanaume na wavulana, nao wanahitaji mahali pa kulala usiku ule wanapotoroka. Rudia kupiga namba hizo kila baada ya miezi mitatu, maana namba iliyokufa ni hatari kuliko kutokuwa na namba.

Elewa vizuri unachokwenda kukieleza

Protokali ya Palermo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 inatambua kosa hili kwa mambo matatu. La kwanza ni tendo: kumwajiri mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumhifadhi au kumpokea. La pili ni njia iliyotumika, kama vitisho, nguvu, hila, au kutumia vibaya unyonge wake. La tatu ni lengo, yaani kumnyonya: ukahaba, kazi za kulazimishwa, utumwa, kutolewa viungo. Kwa mtu aliye chini ya miaka 18, njia haihitaji kuthibitishwa. Tendo na lengo vinatosha. Kwa mtu mzima, ridhaa yake haina uzito ikiwa ilipatikana kwa hila au vitisho. Sisitiza hapo, kwa sababu ndipo majirani husema "si alikubali mwenyewe?"

Hakuna sharti la kuvuka mpaka. Mtoto aliyetolewa mtaa wa pili kwa ahadi ya kusomeshwa, akaishia kutumikishwa mchana na usiku, anahusika. Usichanganye pia na kuvusha wahamiaji kwa magendo. Huko mtu analipa avushwe mpaka kinyume cha sheria, na shughuli huishia wanapofika. Ila safari iliyoanza kama magendo inaweza kugeuka njiani: deni likizidi, abiria anakuwa bidhaa.

Utumwa mamboleo ni mwavuli mpana zaidi, unaofunika pia ndoa za kulazimishwa. Makadirio yale yale ya ILO yanataja watu milioni 49.6, na milioni 22 kati yao wako katika ndoa walizolazimishwa.

Wasikilizaji

Kundi la watu 15 hadi 25 linatosha. Wakizidi hapo, wenye maswali ya maana hunyamaza. Usiwachanganye wote pamoja, kwani kila kundi huona upande wake: dereva anaona abiria asiyejua anakopelekwa, mhudumu wa nyumba ya wageni anaona chumba kisichofunguliwa, muuguzi anaona mgonjwa anayejibiwa kila swali na aliyemleta, mwalimu anaona dawati lililobaki wazi. Vijana wanaotafuta kazi wapewe kikao chao, na wazazi chao. Ukiwaweka pamoja, kijana hatataja ofa aliyonayo kwenye simu.

Kikao cha dakika 90

Dakika 10 za mwanzo, waulize wanamfikiria nani wanaposikia jina la kosa hili. Wengi watataja mgeni mwenye gari anayeteka watoto. Utekaji upo, lakini mara nyingi ndoano huletwa na anayeaminika: shangazi, rafiki, jirani, mchumba wa mtandaoni, mtu aliyekwisha kwenda na kurudi amependeza.

Dakika 30 zinazofuata ndizo kiini. Tunga tangazo la kazi la uongo linalofanana na yale yanayozunguka kwenye WhatsApp, lichapishe, na wagawe watu watano watano. Wapige mstari chini ya kila kinachotia shaka, kisha waandike swali la kumuuliza wakala. Maswali yasiyopaswa kukosa ni haya: Leseni yake inathibitishwa na mamlaka gani ya kazi? Mkataba uko wapi, na uko katika lugha ninayoisoma? Nitasafiri kwa viza ya kazi au ya utalii? Pasipoti itakaa kwa nani? Nani analipa gharama? Hilo la mwisho lina msingi imara: Mkataba namba 181 wa ILO wa mwaka 1997 unaweka kanuni kuwa wakala binafsi asimtoze mfanyakazi ada, ingawa unaruhusu nchi kuweka misamaha michache.

Tumia dakika 15 kwenye deni, na lifanyie hesabu ubaoni. Mtu anaanza na deni la 100 la nauli na viza. Mshahara ni 20 kwa mwezi. Anakatwa 12 za chakula na malazi, 5 za faini ya kuchelewa, 4 za riba. Waache wajumlishe wenyewe: mwisho wa mwezi deni limefika 101. Hapo ndipo wanaelewa kwa nini mtu asiyefungwa kamba hawezi kuondoka.

Dakika 20 ni za dalili. ILO ina viashiria 11 vya kazi za kulazimishwa, vikiwemo kunyang'anywa hati, kuzuiwa mshahara, kutengwa na watu, kubanwa asitembee, vitisho na saa za kazi zisizo na mwisho. Eleza kwamba dalili moja peke yake si ushahidi. Zikikusanyika, ni sababu ya kupiga simu. Dakika 15 zilizobaki gawa karatasi yako ya namba, na eleza nini hutokea mtu akipiga.

Usiwaambie watu wasisafiri. Anayehitaji kazi atakwenda, ila hatakuaga. Mfundishe aende salama: aache nakala ya pasipoti na mkataba nyumbani, akariri namba mbili kichwani, akubaliane na ndugu siku ya kupiga simu na neno la siri litakalomaanisha "nimekwama". Ndugu ajue pia afanye nini simu isipokuja: kuwasiliana na ubalozi na polisi, akiwa na nakala zile mkononi.

Picha na ushuhuda

Acha picha za minyororo na mikono iliyofungwa. Anayetumikishwa akiiona hajioni humo, na jirani anaanza kutafuta kufuli badala ya kumsikiliza mtu. Vijana wenye elimu nao huamini hayawahusu. Kumbe mwaka 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kuwa huenda watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 Kambodia walikuwa wakilazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni, na wengi wa wahanga hao ni wasomi wanaojua kompyuta.

Usimpandishe manusura jukwaani ili watu walie. Akitaka kusema, achague mwenyewe aseme nini, alipwe muda wake, asipigwe picha, na aweze kughairi hata dakika ya mwisho.

Mtu akijitokeza

Zungumza naye peke yake. Aliyeambatana naye asiwe mkalimani. Uliza, "Uko salama kuzungumza sasa?" Kisha, "Hati zako anazo nani?" na "Itakuwaje ukiondoka?" Andika maneno yake kama alivyoyasema. Usimwahidi usichoweza kukitimiza. Mtu mzima aamue hatua inayofuata, isipokuwa maisha yakiwa hatarini. Hapo wapigie polisi simu mara moja. Suala la mtoto lazima lifike ustawi wa jamii au polisi, na usimhoji mara mbili mbili, kwani maelezo yaliyorudiwarudiwa humchosha na kuharibu kesi.

Usimkabili mwajiri, usivamie nyumba, usisambaze picha ya mtuhumiwa kwenye makundi ya simu. Akishtuka, huwahamisha watu usiku huohuo, na huwezi kuwapata tena.

Ratiba na vipimo

Tarehe 30 Julai ni Siku ya Dunia ya Kupinga Usafirishaji Haramu wa Binadamu. Itumie, ila isiwe siku yako pekee: panga vikao wiki chache kabla ya mitihani ya mwisho, kwa sababu mawakala huwinda wanaomaliza shule. Kabla na baada ya kila kikao waulize washiriki maswali matatu ya kupima uelewa wao, kwa maandishi, bila majina, na yawe yale yale mara zote mbili. Baada ya miezi mitatu hesabu mambo mawili: simu zilizopigwa kwenye namba zako, na matangazo ya kazi yaliyoletwa yakaguliwe kabla mtu hajalipa hata senti.