Gripu orijino za pikipiki: anza na namba, picha baadaye

Gripu, yaani ile mipira ya kushikia usukani, zikianza kunata mkononi au kuzunguka zenyewe kwenye usukani, zibadilishe mapema, hasa ya eksileta. Binafsi napenda zilezile za kiwandani. Unene na ugumu wa mpira wake hukaa mkononi vile unavyoijua pikipiki yako.

Usiende kuuliza "gripu za Honda" tu, utaletewa chochote. Chukua namba ya fremu, kwa kawaida imegongwa kwenye shingo ya usukani, kisha fungua katalogi ya spea ya modeli na mwaka wako, kwenye mchoro wa usukani. Hapo utaona kwamba kulia na kushoto ni spea mbili tofauti. Ya kulia huvaa juu ya bomba la eksileta, kwa hiyo tundu lake ni pana zaidi. Modeli nyingine huuza gripu hiyo pamoja na bomba lake, basi soma vizuri kabla ya kulipa.

Kwa Honda, tarakimu tano za mwanzo za namba ya spea hutaja kipande chenyewe: 53165 ni gripu ya kulia, 53166 ya kushoto. Kundi la katikati ni la modeli ambayo kipande kilitengenezewa kwanza, na la mwisho ni toleo au rangi. Ukiijua siri hii, jibu la "haitengenezwi tena" halikutishi. Uliza namba iliyochukua nafasi yake, kisha tafuta modeli nyingine zinazotumia namba hiyohiyo. Gripu moja huvaliwa na pikipiki nyingi, na mara nyingi stoo ina mzigo ulioandikiwa modeli usiyoifikiria.

Ukikosa namba ya spea kabisa, pima. Pima chuma kitupu cha usukani kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene), si juu ya mpira: pikipiki nyingi ni milimita 22, kruza kubwa nyingi (pikipiki nzito za safari za starehe) ni 25.4. Pima na urefu wa gripu, halafu angalia kama ncha yake imezibwa au iko wazi kwa ajili ya vile vyuma vizito vya mwisho wa usukani.

Mzigo uliokaa stoo miaka mingi, omba picha ya karibu ya mdomo wa gripu, upande wa swichi. Nyufa ndogo huanzia hapo. Mpira uliokauka utapasuka wakati wa kuuvalisha, hata kama pakiti haijafunguliwa.

Kufunga si kazi kubwa. Chana ya zamani kwa wembe bila kuligusa bomba, futa gundi kwa spiriti, paka gundi ya gripu, sukuma kwa mkupuo mmoja. Usipake mafuta wala grisi. Ya kulia iachie nafasi ya milimita moja au mbili kutoka kwenye swichi, gundi ikauke, kisha zungusha eksileta na uachie, usukani ukiwa umekatwa kulia, halafu kushoto. Lazima irudi yenyewe kwa haraka. Ikisuasua hata kidogo, usiwashe injini mpaka uivute nje kidogo na kujaribu tena.