Ndege inatua Luano saa ngapi? Hesabu ya dereva wa teksi

Ninaendesha teksi hapa Lubumbashi, na wateja wangu wengi ni wa uwanja wa ndege wa Luano. Siku moja mama mzee aliyetoka matibabu Nairobi alinisubiri saa nzima nje, na mizigo miguuni, kwa sababu nilihesabu vibaya. Tangu siku ile nahesabu kwa kalamu.

Anza na saa, kilomita baadaye. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, ingawa nchi ni moja. Johannesburg tuko sawa. Nairobi imetutangulia kwa saa moja. Kwa hiyo mtu wa Kinshasa akikuandikia "tunaruka saa saba", kwako ni saa nane. Geuza kwanza saa yake iwe ya Lubumbashi, ndipo ujumlishe muda wa angani. Mama yule aliniambia ndege inaondoka saa nne asubuhi, nami nikajumlisha juu ya hiyo saa nne. Kumbe saa nne ya Nairobi ni saa tatu yetu! Alitua kama saa tano na dakika 25. Mimi nikafika karibu saa sita na nusu.

Sasa umbali. Chukua atlasi ya watoto wa shule. Luano iko kwenye digrii 11.6 kusini na 27.5 mashariki, Kinshasa 4.4 kusini na 15.4 mashariki. Tofauti ni 7.2 na 12.1. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: unapata kama 14.1. Digrii moja ni kilomita 111 hivi, basi ni karibu kilomita 1,560. Huku kwetu karibu na ikweta njia hii haikosei sana; ukienda mbali kaskazini au kusini digrii za mashariki na magharibi zinabanana, itakudanganya.

Nilipopima miji mingine nilishangaa. Nairobi ni kama 1,550, Johannesburg kama 1,610. Miji mitatu, pande tatu, umbali karibu uleule! Ndege ya jeti naihesabia kilomita 800 kwa saa, halafu naongeza nusu saa ya kupaa na kushuka. Yote inakuja karibu saa 2 na dakika 25.

Ila muulize msafiri kama ndege yake inapitia Mbuji-Mayi au Kananga. Ikisimama huko, hesabu ya moja kwa moja imekufa. Mwombe apige simu kabla ya kuruka tena, na kumbuka kwamba Kasai, iliko miji hiyo miwili, wanafuata saa yetu, usiongeze kitu. Kutoka Mbuji-Mayi ni kama kilomita 750, yaani saa 1 na dakika 25 hivi.

Baada ya kutua kuna mizigo na karatasi, kwa hiyo kijana mwenye afya naweza kumfuata ndege ikishatua. Kwa mzee au mgonjwa sifanyi hivyo. Natoka Katuba, hapa hapa Lubumbashi, mapema, na magurudumu yakigusa chini mimi niko tayari mlangoni.