Jinsi ya Kupata Kiini cha Njano kwa Kubadilisha Chakula cha Kuku

Muuza chipsi mayai wa Moshi hana haja ya maelezo marefu. Ukimpelekea trei yenye viini vilivyopauka, anakwambia zege lake linatoka jeupe na wateja wanadhani amebania mayai. Wiki inayofuata ananunua kwa mwingine. Mwongozo huu ni kwa mfugaji wa kuku wa mayai anayefungia bandani, huku kwetu Moshi au hata Arusha, anayetaka kiini chenye rangi bila kuingia gharama kubwa.

Kwanza tuelewane kuhusu chanzo. Rangi ya njano kwenye kiini inatokana na karotenoidi (rangi za asili za mimea), hasa kundi linaloitwa zanthofili, ambalo lina luteini na zeazanthini. Kuku hawezi kujitengenezea rangi hiyo. Anaila. Ndivyo ilivyo pia kwa wale heroe wa maziwa ya Momella na Natron: wanazaliwa wa kijivu, wanakuwa wa waridi kwa sababu ya wanachokula majini. Rangi ya ganda ni habari nyingine kabisa. Hiyo ni mbegu ya kuku, na hakuna majani yatakayoibadilisha.

Hatua ya 1: Pima ulipo sasa

Chukua mayai sita ya siku moja kutoka pembe tofauti za banda. Yapasue kwenye sahani nyeupe, mchana, karibu na mlango lakini si kwenye jua kali, maana taa ya umeme inadanganya. Piga picha. Wakaguzi hutumia kadi za rangi zinazofunguka kama feni, zenye namba kuanzia 1, lakini picha ya sahani ile ile, mahali pale pale, inatosha.

Viini vyote sita vikiwa vimepauka, tatizo ni chakula. Viwili vikipauka na vinne vikawa vizuri, usiguse chakula kwanza: tafuta kuku wagonjwa, au wanyonge wanaofukuzwa kwenye vyombo.

Hatua ya 2: Kagua gunia

Ugali wetu ni mweupe, kwa hiyo mahindi yetu ni meupe, na pumba zake pia. Mahindi meupe karibu hayana zanthofili. Ya njano yana takriban miligramu 20 kwa kilo. Chenga za mchele na ngano nazo hazisaidii. Ukipata mahindi ya njano kwa bei inayokaribiana, badilisha kilo kwa kilo, hesabu nyingine haibadiliki. Yawe mapya, kwa sababu rangi hupungua yakikaa ghalani.

Wengi hatuyapati. Ndiyo maana hatua inayofuata ndiyo yenye kazi.

Hatua ya 3: Andaa majani

Majani ya kijani kibichi yana luteini nyingi. Unjano wake umefichwa tu na ukijani. Mlonge unastawi huku chini kwenye joto, lusina watu wamepanda kwa ajili ya ng'ombe wa ndani, na mchicha na matembele hayana msimu mrefu wa kukosekana. Chukua majani machanga, acha vijiti. Usichukue kwenye shamba la nyanya au vitunguu lililopigwa dawa, hata kama mwenye shamba anakupa bure.

Kausha kivulini. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu: wanaanika kwenye bati juani, majani yanakauka kwa siku moja, na rangi waliyokuwa wanaitafuta inaungua. Tandaza kwenye turubai au chekecheke chini ya paa lenye upepo, geuza asubuhi na jioni. Yakivunjika kwa vidole yakiwa bado ya kijani, yako tayari. Yakiwa ya kahawia, wape ng'ombe. Wakati wa masika, na ile baridi ya Julai mawingu yakiukalia mlima, yanachelewa sana na yanaweza kuota ukungu. Yenye ukungu yatupe, sumukuvu si mchezo.

Twanga au saga, hifadhi kwenye mfuko usiopitisha mwanga. Kilo moja makavu inatoka kwenye kilo nne hadi sita za mabichi, kwa hiyo usishangae rundo likipotea.

Hatua ya 4: Changanya

Anza na kilo 3 za unga wa majani katika kila kilo 100 za chakula. Punguza pumba kwa kiasi hicho hicho, usipunguze mahindi, dagaa wala mashudu. Baada ya wiki mbili unaweza kupanda hadi kilo 5. Mimi siendi zaidi ya hapo: nyuzinyuzi zinazidi, na lusina ina mimosini, aina ya sumu, ambayo ikizidi inapunguza utagaji.

Karotenoidi husafiri na mafuta. Mashudu ya alizeti yaliyokamuliwa na mashine za mtaani bado yana mafuta ya kutosha.

Karoti achana nazo. Rangi yake kubwa ni beta-karotini, na kuku huigeuza kuwa vitamini A kabla haijafika kwenye kiini. Rangi za kiwandani zisizo za chakula cha mifugo ndizo hatari kabisa. Mwaka 2006 nchini China kulikuwa na kashfa ya mayai ya bata waliolishwa rangi ya kiwandani iitwayo Sudan.

Hatua ya 5: Subiri, na usisome miguu vibaya

Kiini hukua kwa tabaka kwa takriban siku kumi kabla ya kutagwa. Mabadiliko unaanza kuyaona siku ya tatu au ya nne, yanatulia baada ya wiki mbili hivi. Piga picha nyingine hapo, si kabla.

Sasa miguu. Kuku wa aina yenye ngozi ya njano anapotaga, rangi inahama kutoka mwilini kwenda kwenye mayai: inaanza kwenye kinyeo, kisha kuzunguka jicho, ndewe, mdomo, na mwisho miguu. Kwa hiyo yule mwenye miguu ya njano iliyokolea katikati ya msimu, ambaye wanunuzi wanamsifia, mara nyingi ndiye anayekula bila kutaga. Aliyepauka miguu ndiye anayekulipa. Akisimama kutaga, rangi inarudi kwa mpangilio ule ule, tena haraka.

Kama bado haikolei

Angalia minyoo na koksidio (ugonjwa wa utumbo) kwanza, kwa sababu utumbo ulioumia haunyonyi rangi. Kisha chakula chenye ukungu. Viini vikiwa na madoa ya kahawia au ukijani-ukijani, uliza kama mashudu uliyouziwa yana pamba: gosipoli, sumu iliyo kwenye mbegu za pamba, ndiyo inayofanya hivyo.

Na ukishapata njano nzuri, usiyauze kama mayai ya kienyeji. Protini ni ile ile, kuku ni wale wale.

Kazi ya majani ifanye mvua zikiisha na kijani bado kipo. Januari na Februari huku chini kunakauka, na mlonge nao unapukutika.