Usimwongezee kuku mayai akishaanza kulalia

Malalamiko ya wafugaji wa bantamu, kuku wa umbo dogo, hapa Nairobi, kutoka Ruai hadi Dagoretti, yanafanana. Kuku amelalia vizuri, ameangua vifaranga watatu, kisha ameyaacha mayai sita. Ukiyapasua, unakuta vifaranga wamekufa wakiwa na manyoya. Analaumiwa jogoo, inalaumiwa baridi, na kuku mwenyewe haponi. Lakini ukiuliza mayai yaliwekwa lini, unaambiwa yalikuwa yakiongezwa kila yalipotagwa.

Hapo ndipo hasara ilipo. Kifaranga huanza kukua siku yai linapopata joto la mama, si siku lilipotagwa. Yai la bantamu huchukua siku 20 au 21. Uliloweka tarehe 1 Machi litaanguliwa tarehe 21 au 22. Uliloongeza tarehe 6 litangoja hadi tarehe 26 au 27. Mama hangoji. Vifaranga wa kwanza wanaishi kwa kiini walichofyonza kabla ya kutoka, nacho huwatosha siku 2, pengine 3. Kisha mama huwatoa kiotani kwenda kutafuta chakula, na yaliyobaki yanapoa.

Kwa hiyo mayai yote yawekwe jioni moja. Bantamu hatagi kila siku, ndiyo maana inakubidi uyakusanye kwanza, ila yasikae zaidi ya siku 7. Yapange kwenye trei, ncha iliyochongoka ikitazama chini, chumba chenye ubaridi, mbali na jiko na mbali na joto la mabati ya mchana. Kila siku inamisha trei upande mwingine. Usiyaoshe. Na tafadhali, friji si mahali pa mayai ya kuangua! Ubaridi wake unaweza kuua mbegu ya kifaranga kabla kuku hajayaona.

Wakati huo kuku akalie mayai ya plastiki au ya mbao. Akikaa usiku 2 bila kuhama, na akivimba na kunguruma unapomkaribia, mwekee mayai halisi giza likiingia. Bantamu mwenyewe hutosha mayai 6 hadi 8 ya aina yake. Yai likichungulia nje ya manyoya, punguza, hasa baridi ya Juni hadi Agosti. Kuku huyazungusha mayai, kwa hiyo lililo pembeni leo kesho liko katikati na jingine limetoka kupigwa na baridi. Tamaa ya yai moja la ziada huharibu kiota kizima.

Kuna wanaoapa kwamba hawajaongeza hata yai moja. Ni kweli, lakini kuku wengine wamewaongezea. Kuku anayelalia kwenye banda la pamoja hutagiwa na wenzake kila asubuhi. Mhamishe usiku, yeye na mayai yake ya plastiki, kwenye kisanduku cha sentimita 30 kwa 30 chenye maranda, mahali wengine hawafiki wala panya. Mayai halisi yatiwe alama ya penseli pande zote mbili. Mara moja kwa siku mama huinuka dakika 15 au 20 kula, kunywa na kwenda haja. Tumia muda huo kukagua. Yai lisilo na alama litoke siku hiyo hiyo. Siku ya 7, usiku, mulika kila yai kwa tochi na uondoe lisilo na mishipa ya damu.

Yakienda sawa, vifaranga wote watatoka ndani ya siku moja au mbili.

Wape maji kwenye kisahani chenye kokoto, maana kifaranga wa bantamu huzama hata kwenye maji ya kina cha kidole. Mama naye ale chakula cha vifaranga, si cha kuku wa mayai, kwani chokaa iliyomo huumiza figo za wadogo. Chanjo ya Newcastle (kideri) huuzwa kwa chupa ya dozi nyingi, na ikishachanganywa haikai hadi kesho. Panga na majirani wenye vifaranga wa umri huo kabla ya kwenda agroveti.